Damu ya Kisesa, vyandarua vya Misungwi

Mwaka 1994, katika kata ya Kisesa, kilomita 20 hivi kutoka Mwanza mjini kwenye barabara ya kwenda Musoma, watafiti walianza kupita nyumba kwa nyumba wakiandika nani anaishi wapi, nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama. Kila baada ya miaka michache watu wazima waliombwa kufika mahali palipoandaliwa kijijini, wahojiwe, watobolewe kidole, na matone ya damu yao yakaushwe juu ya karatasi maalumu. Mradi uliitwa TANESA. Ulikuwa wa ushirikiano wa Tanzania na Uholanzi, na shabaha yake ilikuwa kujua VVU inavyosambaa katika jamii ya kawaida ya wakulima, wafugaji na wachuuzi, mbali na wodi za hospitali ambako kila anayeonekana tayari ni mgonjwa. Baadaye mradi ulibadili jina, wafadhili wakaondoka na wengine wakaja, lakini daftari la Kisesa halikufungwa. Karatasi zile zikaendelea kutunzwa Mwanza.

Zaidi ya miaka 20 baadaye karatasi hizo zilijibu swali ambalo halikuwamo kwenye mpango wa mwaka 1994. Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kituo cha Mwanza, wenzao wa hospitali ya Bugando, wa chuo cha tiba cha Weill Cornell cha New York na wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walichukua damu ya watu ambao hapo awali hawakuwa na VVU kisha wakaambukizwa, wakailinganisha na damu ya waliobaki salama. Hawakuwa wakitafuta VVU, maana hiyo ilishajulikana. Walikuwa wakitafuta kichocho. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: kwa wanawake walioambukizwa VVU, uwezekano wa kukutwa na kichocho ulikuwa karibu mara 3 ya wale waliobaki bila virusi. Kwa wanaume tofauti hiyo haikuonekana.

Anayeijua Mwanza ataelewa uzito wa jambo hili. Katika mwambao wa Ziwa Viktoria kichocho kimezoeleka mno kiasi kwamba hakiwashtui watu. Mtoto akikojoa damu huko Kwimba au Misungwi, ambako watu huchota maji ya malambo na kulima mpunga kwenye majaruba, wazazi wengi huona ni sehemu ya kukua. Kwenye mialo ya Ukerewe, Sengerema na Ilemela, mvuvi mwenye tumbo lililojaa maji hupelekwa kwanza kwa mganga wa jadi. Sasa ikaonekana kwamba minyoo hii, ambayo dawa yake ni vidonge vya kumeza mara moja, huenda imekuwa ikiifungulia VVU mlango kwa mwanamke anayesimama majini kufua, kuchota na kuosha dagaa. Mayai ya kichocho cha mkojo hukwama kwenye kuta za uke na mlango wa kizazi, yanasababisha vidonda na uvimbe, na chembe za kinga ambazo VVU huzishambulia hujikusanya mahali hapo hapo.

Hakuna taasisi moja iliyokuwa na uwezo wa kulipata jibu hili peke yake. Waholanzi wa TANESA waliweka msingi. Watanzania wa NIMR walilitunza daftari kipindi ambacho halikuwa na mfadhili wa kujivunia. Leiden ilileta kipimo. New York ilileta fedha na swali, na swali lenyewe lilitokana na madaktari waliokuwa wakiwatibu wanawake Bugando na vijijini. Na watu wa Kisesa walitoa damu, duru baada ya duru, na wengi wao hawatasoma ripoti yoyote iliyotokana nayo. Ninapoandika kuhusu ushirika wa utafiti ninaanza na hao, kwa sababu kwenye sherehe za kutiliana saini huwa hawapo.

Mwanza haikuanza jana. Kitengo cha uchunguzi wa matende na afya kwa Afrika Mashariki kilianzishwa hapa mwaka 1949, kikakua kuwa taasisi ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki nzima, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 majengo na hadubini zikabaki upande wa Tanzania. Sheria iliyounda NIMR ilipitishwa mwaka 1979. Bugando ilikuwa imeshafunguliwa mlimani mwaka 1971, hospitali ya Kanisa Katoliki iliyojengwa kwa msaada wa Wajerumani, na mji wa Würzburg, ambao ni dada wa Mwanza tangu mwaka 1966, hadi leo unashirikiana na chuo kikuu cha tiba cha Bugando katika uchunguzi wa kichocho. Ushirika wa namna hii, unaopita umri wa mtu mmoja kazini, ndio uliozaa matunda. Ule wa miaka mitatu na kongamano la kufunga nimeshindwa kuona ulichoacha.

Utafiti ulioipa Mwanza jina duniani ulianza mwaka 1991. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walikuwa wametangazwa Kagera mwaka 1983, ng'ambo ya ziwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 hapakuwa na dawa ya kufubaza virusi kwa mwananchi wa kawaida. NIMR, AMREF, chuo cha tiba za nchi za joto cha London (LSHTM) na kile cha Antwerp, Ubelgiji, walijiuliza: je, tukiyatibu vizuri magonjwa mengine ya ngono, kaswende, kisonono, pangusa, maambukizi ya VVU yatapungua? Walichagua maeneo 12, kila moja likiwa na kituo chake cha afya na zahanati zake, wakayapanga jozi sita: mwambao na mwambao, visiwa na visiwa, barabarani na barabarani. Sita yakapewa huduma iliyoboreshwa, sita yakasubiri. Watu wazima wapatao 12,000 walifuatiliwa kwa miaka miwili.

Huduma yenyewe haikuwa na mashine yoyote ya kutisha. Wahudumu wa zahanati walifundishwa kuwasikiliza wagonjwa na kuwatibu kwa kufuata dalili. Dawa zilifika kwa wakati. Msimamizi alipita mara kwa mara kuona kama kazi inafanyika. Wanavijiji walielezwa dalili na kuhimizwa kwenda kutibiwa mapema. Mwaka 1995 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo: maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 kwenye maeneo yaliyohudumiwa na asilimia 1.9 kwenye yale mengine. Pungufu la kama asilimia 40, kwa kazi ya waganga wasaidizi na manesi wa vijijini.

Dunia ilichukua somo hilo haraka. Utaratibu wa kutibu kwa dalili ulienea Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Miaka minne baadaye jaribio la Rakai, upande wa Uganda, ambako jamii nzima zilipewa dawa kwa mkupuo bila kusubiri dalili, halikuona punguzo la VVU, na wataalamu wakabishana kwa miaka kuhusu sababu ya Mwanza na Rakai kutofautiana. Ubishi huo siurudii hapa. Kinachonigusa zaidi ni jambo ambalo halikuzungumzwa sana wakati ule: ushindi wa Mwanza ulijengwa juu ya ukosefu wa vipimo. Watu walitibiwa kwa dalili kwa sababu zahanati haikuwa na maabara. Ilikuwa busara ya wakati wake, na iliokoa watu. Kwa mwanamume anayetokwa usaha njia hiyo hufanya kazi vizuri. Kwa mwanamke ni vigumu zaidi, kwa kuwa maambukizi mengi hayana dalili, na uchafu ukeni una sababu nyingi.

Moja ya sababu hizo ni kichocho. Hapo ndipo daftari la Kisesa linapoungana na jaribio la mwaka 1991. Mama wa kijijini anayefika zahanati akilalamika maumivu chini ya kitovu, damu baada ya tendo la ndoa, kuwashwa na kutokwa uchafu, anaingizwa kwenye mtiririko wa magonjwa ya ngono. Anapewa antibayotiki. Anaambiwa amlete mume. Mume anapewa sindano, nyumbani kunatokea maneno, na mayai ya kichocho yanabaki pale pale kwenye mlango wa kizazi. Akirudi tena anaonekana ni mtu asiyetulia. Hii ni dhuluma, na ninaiita hivyo nikijua kwamba mhudumu hakukusudia: ametumia alichopewa.

Kwa nini asimpime? Kipimo cha kawaida cha kichocho cha tumbo ni kuchukua choo kidogo, sehemu ya gramu 0.04 tu, kukitandaza kwenye kioo na kuhesabu mayai kwa hadubini. Kile cha mkojo ni kuuchuja na kutafuta mayai kwenye chujio. Vyote viwili vinahitaji mtaalamu wa maabara, muda na macho yasiyochoka, na mayai hayatoki sawasawa kila siku, hivyo mwenye minyoo michache huambiwa hana kitu. Kwa kichocho cha via vya uzazi ni vigumu zaidi, kwani mwanamke anaweza kuwa na vidonda ndani huku mkojo wake hauna yai hata moja.

Leiden wamekuwa wakitafuta njia nyingine kwa miongo kadhaa. Mnyoo hai wa kichocho hutapika mabaki yake kwenye damu ya binadamu, na mabaki hayo yana sukari ya pekee isiyotengenezwa na mwili wa mtu. Ukiigundua sukari hiyo umemgundua mnyoo mwenyewe, popote alipojificha, hata kama hatagi. Kipimo kimoja cha aina hiyo, kinachotumia tone la mkojo na kutoa jibu kwa dakika 20 hivi, kimekuwa kikitumika vijijini. Ni kizuri kwa kichocho cha tumbo, dhaifu kwa kile cha mkojo. Kingine, kile kilichotumika kwa karatasi za Kisesa, kinakamata aina zote mbili na kinaonyesha hata minyoo michache sana, ila kinahitaji mashine ya kusoma na maabara iliyo tayari. NIMR Mwanza wamekifanya hapa hapa na hawakuhitaji kusafirisha kila sampuli hadi Ulaya. Ninalitaja hilo kwa makusudi. Maabara inayoweza kufanya kazi ya Leiden ikiwa hapa Isamilo, Mwanza, inabadilisha mazungumzo yote kati ya washirika: wanaokaa mezani wanakuwa wenzi.

Ushirika mwingine mkubwa wa kichocho ulianza mwaka 2008 chini ya Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, kwa fedha za mfuko wa Gates. Mkoani Mwanza ulihusisha vijiji 150 vya karibu na ziwa, NIMR wakiongoza kazi ya uwandani. Swali lilikuwa la bajeti kabisa: kingatiba itolewe shuleni tu au kwa kijiji kizima, kila mwaka au kwa kuruka miaka? Ugonjwa ulipungua kwa ujumla, lakini Mwanza na nchi nyingine zilizoshiriki zilikutana na vijiji sugu, ambavyo dawa imemezwa mwaka baada ya mwaka na maambukizi yakabaki juu. Konokono wanaobeba vimelea wapo, vyoo havitoshi, watu wazima hawakumezeshwa. Mtoto anatoka shuleni na kidonge tumboni, anaingia ziwani mchana huo huo na mama yake ambaye hakuna aliyemuuliza.

Sasa niende Misungwi, kwa kuwa huko ndiko nilikoona ushirika wa utafiti ukifika karibu zaidi na kitanda cha mwananchi.

Kwa miaka mingi vyandarua vyote tulivyogawiwa vilikuwa na kiuatilifu cha familia moja, pairethroidi, kinachoshambulia mishipa ya fahamu ya mbu. Mbu wakazoea. Wilayani Misungwi, ambako Anopheles funestus ndiye mwenyeji mkuu, mbu alikuwa anatua kwenye chandarua kipya na kuondoka mzima. Jirani, huko Muleba mkoani Kagera, jaribio la miaka ya 2015 hadi 2017 lilikuwa limeshaonyesha kwamba kuongeza kemikali ya PBO, inayovunja kinga ya mbu, kunasaidia, na Shirika la Afya Duniani likalikubali mwaka 2017. Lakini PBO ni msaidizi wa dawa ile ile. Lilihitajika shambulio la namna nyingine.

NIMR Mwanza, chuo cha tiba cha KCMC Moshi, LSHTM na Chuo Kikuu cha Ottawa, Kanada, waliigawa Misungwi katika makundi 84 ya vitongoji na kupiga kura nani apate chandarua gani. Aina zilikuwa nne: cha kawaida cha pairethroidi, chenye PBO, chenye piriproksifeni ambayo huwafanya mbu wasizae, na chenye klorofenapiri. Hiyo ya mwisho haigusi mishipa ya fahamu. Inaingia kwenye chembe za mwili wa mbu na kuzima uzalishaji wa nguvu, kama gari lililokatiwa mafuta barabarani. Vyandarua vilisambazwa mwanzoni mwa mwaka 2019, na watoto wakapimwa malaria kwa miaka miwili, kipindi kilichoangukia ndani ya UVIKO-19.

Matokeo yalitoka kwenye The Lancet mwaka 2022, mwandishi wa kwanza akiwa Jacklin Mosha wa NIMR Mwanza. Baada ya miezi 24, asilimia 45.8 ya watoto katika vitongoji vya chandarua cha kawaida walikuwa na vimelea vya malaria. Katika vitongoji vya klorofenapiri walikuwa asilimia 25.6. Kwa miaka miwili yote, watoto hao wa klorofenapiri waliugua malaria pungufu kwa asilimia 44. PBO na piriproksifeni hazikufua dafu hadi mwisho. Jaribio dada nchini Benin, lililofanywa na watafiti wa huko wakishirikiana na kundi hili hili, lilileta picha inayofanana kwa klorofenapiri. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa mkazo vyandarua hivyo vitumike badala ya vya pairethroidi pekee pale mbu walipokuwa sugu. Nchi za Afrika zilianza kuagiza.

Fikiria ukubwa wake. Uamuzi unaomhusu mtoto wa Msumbiji na wa Nigeria ulitegemea akina mama wa Misungwi kukubali vidole vya watoto wao vitobolewe, na wahudumu waliovuka majaruba wakati wa masika kuhesabu mbu. Jaribio lilisema pia jambo lisilofurahisha: vyandarua havikufikisha miaka mitatu inayokusudiwa. Vilichanika mapema, na vilipochanika watu waliviacha. Chandarua chenye dawa bora duniani hakiwezi kumlinda mtoto kama kimekuwa matundu matupu. Ni swali la uzi na ufumaji, na halijapata fedha kama lilivyopata swali la kemikali. Lingepata, nina hakika Misungwi ingelijibu.

Si kila kitu kilifaulu, na Mwanza inastahili heshima kwa hilo pia. Mradi wa MEMA kwa Vijana, ulioanza mwaka 1998 katika jamii 20 za vijijini, uliboresha uelewa wa wanafunzi kuhusu afya ya uzazi lakini haukupunguza VVU. Dawa ya kuzuia malengelenge ya sehemu za siri, iliyojaribiwa kwa wanawake wanaofanya kazi kwenye baa na nyumba za wageni, haikuwakinga dhidi ya VVU. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Mafuta ya uke ya PRO 2000, ambayo wanawake wengi waliyawekea matumaini, hayakukinga pia. Majibu haya ya hapana yaliepusha nchi kununua vitu visivyosaidia. Wanawake wa baa za Mwanza waliyatoa kwa gharama ya muda wao na faragha yao.

Upande wa saratani ya shingo ya kizazi, inayoongoza kwa wanawake wetu na ambayo chanzo chake ni kirusi cha HPV, jibu lilikuwa ndiyo. Tanzania ilianza chanjo ya HPV nchi nzima mwaka 2018, dozi mbili kwa wasichana wa miaka 14. Wakati huo huo MITU, kitengo cha majaribio kinachoendeshwa na NIMR pamoja na LSHTM, kilikuwa kimeandikisha wasichana 930 wa Mwanza wenye miaka 9 hadi 14. Walipangwa kwa bahati nasibu kupata dozi moja, mbili au tatu. Miaka miwili baadaye karibu wote waliopata dozi moja walikuwa na kinga dhidi ya aina mbili za kirusi zinazoleta saratani zaidi. Ng'ambo ya ziwa, Kisumu, pamoja na Thika na Nairobi, watafiti wa Kenya walikuwa wakiwafuatilia wanawake vijana 2,275, nao wakaona dozi moja inazuia maambukizi. Mwanza ilionyesha kinga katika damu ya wasichana wadogo, Kenya ikaonyesha ulinzi wenyewe kwa vijana wakubwa, na ushahidi mmoja ukaubeba mwingine. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikubali ratiba ya dozi moja Aprili 2022. Aprili 2024 Tanzania ilihamia kwenye sindano moja na kupanua umri hadi kuanzia miaka 9.

Toka jaribio hadi sindano shuleni ilichukua miaka michache. Kwa kichocho cha wanawake, tangu karatasi za Kisesa zisomwe, ni kimya kirefu zaidi. Tofauti haipo kwenye ubora wa sayansi. Chanjo ilikuwa na mnunuzi, ilikuwa na mfuko wa kimataifa unaoilipia, ilikuwa na mpango wa taifa uliokuwa unasubiri jibu. Vyandarua vivyo hivyo. Kipimo cha kichocho kwa mama wa miaka 30 hakina mnunuzi. Hakimo kwenye fungu la VVU, hakimo kwenye fungu la malaria, na kwenye Mpango wa Magonjwa Yasiyopewa Kipaumbele fedha nyingi huenda kwenye kingatiba ya watoto wa shule. Tatizo la usugu dhidi ya antibayotiki linafanana na hili: Bugando wameandika kwa miaka kuhusu vimelea sugu kwa watoto wachanga na wagonjwa wa njia ya mkojo, na mradi wa HATUA uliounganisha Tanzania, Kenya, Uganda na Uskoti ulifika Mwanza kuchunguza UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Lakini nje ya hospitali kubwa, nani anaotesha mkojo kabla ya kuandika dawa?

Hapo ndipo ninapoudai ushirika zaidi ya pongezi. Tanzania ina taratibu za kulinda watu wake: utafiti wa tiba hupitia kamati ya taifa ya maadili chini ya NIMR, na sampuli haziondoki nchini bila mkataba wa kuzihamisha. Hizo ni ngao nzuri. Zinazuia kuporwa. Hazilazimishi mtu kubakiza kitu. Jaribio likikamilika, magari hubadilishwa namba, mashine hukosa vitendanishi, na mtaalamu wa maabara aliyefundishwa kwa miaka mitano anahamia mradi unaofuata au Dar es Salaam.

Na mwaka 2025 ulituonyesha ukingo wa shimo. Januari Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Mei, taasisi kuu ya utafiti wa afya ya nchi hiyo, NIH, ikatangaza kusitisha fedha zinazopitishwa kwenye vyuo vya Marekani kwenda kwa washirika wa nje hadi utaratibu mpya upatikane. Mkondo huo ndio umekuwa ukilisha tafiti nyingi za Afrika. Wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliazimia zamani kutenga walau asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Azimio lile lingetekelezwa, tangazo la Mei lingekuwa habari ya kurasa za ndani.

Sidai wageni waondoke. London, Leiden, Würzburg, Ottawa na New York wamekaa nasi kwa muda ambao baadhi ya wizara zetu hazikukaa na wazo moja. Ninachodai kinaweza kuandikwa. Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa, na sampuli kutoka Sengerema na Buchosa haisubiri tena kivuko. Barabara ya kwenda maabara ipo. Dawa ya kichocho inaweza kukaa kwenye rafu ya zahanati ya mwaloni mwaka mzima, kwa watu wazima pia, bila kungoja siku ya kampeni. Mwongozo wa magonjwa ya ngono unaweza kuongezewa swali moja kwa mwanamke wa Kanda ya Ziwa: unaingia majini? Na mkataba ujao wa utafiti utakaotiwa saini Isamilo au Bugando uwe na kifungu kinachosema nani atanunua vitendanishi mwaka wa kwanza baada ya jaribio kufungwa, nani mwaka wa pili, na halmashauri ipi imeshavitengea kasma.